Namna ya Kuadhimisha Yom Kippur kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mwaka, Rosh Hashanah, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, inapokaribia, maswali ya wanaoanza kuhusu Yom Kippur huwa ni yale yale. Je, maji yanaruhusiwa? Je, mfungo unaanza alfajiri au jioni? Nivae viatu gani? Mwenye kisukari afanye nini? Nimeona ni vyema majibu yakusanywe mahali pamoja na kupangwa kwa mfuatano wa saa, ili anayeiadhimisha siku hii kwa mara ya kwanza afuate bila kubabaika, awe amezaliwa katika familia ya Kiyahudi isiyozoea kuishika, awe ameingia katika Uyahudi ukubwani, au awe mgeni aliyealikwa na rafiki. Nimewafikiria hasa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako sala za siku hii husikika katika sinagogi ya Nairobi, kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway, na katika vijiji vya Abayudaya kuzunguka mji wa Mbale nchini Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Jambo moja nilisisitize tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko yote: sehemu nzito ya Yom Kippur hufanyika kabla jua halijatua, nayo ni kati yako na watu uliowakosea. Anayefika kwenye sinagogi akiwa na njaa iliyopangwa vizuri lakini hajamwendea jirani yake ameshika nusu ya siku, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Siku yenyewe kwa ufupi

Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, huangukia tarehe 10 ya mwezi wa Tishri katika kalenda ya Kiyahudi, na ndiyo inayofunga siku kumi za toba zinazoanza na Rosh Hashanah. Amri yake imo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16 na ya 23. Mafundisho ya jadi yanasema kwamba hukumu ya kila mtu huandikwa siku ya Rosh Hashanah na kutiwa muhuri siku hii. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inataja mambo matano ya kujizuia: kula na kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Zaidi ya hayo, kazi zote zilizokatazwa siku ya Shabati zimekatazwa pia, ikiwa ni pamoja na kuwasha moto, kupika, kuandika, kuendesha gari na kushika fedha.

Wengi hudhani kwamba hii ni siku ya maombolezo, na hivyo hukunja uso tangu jioni mpaka jioni. Sivyo. Mishna hiyo hiyo inaihesabu miongoni mwa siku za furaha kuu za Israeli, kwa kuwa ni siku ya kusamehewa.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Ratiba ya machweo ya mji wako mwenyewe. Usitumie ya Yerusalemu wala ya London. Kwetu karibu na ikweta jua hutua mapema na giza huingia upesi. Nairobi, kwa mfano, jua huzama takriban saa kumi na mbili na nusu jioni katika majira haya.
- Kitabu cha sala za sikukuu, kiitwacho mahzor. Kitabu cha sala za kila siku hakitoshi.
- Nguo safi, nyeupe kadiri inavyowezekana.
- Viatu visivyo na ngozi: raba za kitambaa, kandambili au viatu vya plastiki.
- Mishumaa ya kuwasha nyumbani, pamoja na mshumaa mmoja mrefu wa kuwaka zaidi ya saa 25.
- Kitambaa kidogo au taulo ya mkono, ambayo matumizi yake utayaona katika hatua ya nane.
- Fedha za sadaka, zilizotengwa na kutolewa kabla ya jioni.
- Chakula cha kabla ya saumu na cha kufuturu, vyote vimepikwa mapema.

Hatua za kufuata

1. Wiki moja kabla, shughulikia mwili na ajira. Omba ruhusa kazini mapema, kwa sababu siku hii haiahirishwi hadi mwisho wa juma. Kama una kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, ujauzito au dawa za kila siku, zungumza na daktari na rabi sasa, na si jioni ya saumu. Kama unakunywa kahawa au chai ya rangi vikombe kadhaa kwa siku, punguza kikombe kimoja kimoja, kwa maana maumivu ya kichwa yanayowaangusha wengi mchana wa Yom Kippur yanaweza kutokana na kukatiza kahawa ghafla, si na njaa peke yake.

2. Fanya hesabu ya nafsi. Tenga saa moja ya utulivu, ukiwa na karatasi, na upitie mwaka uliokwisha. Andika majina ya watu, si majina ya dhambi. Orodha ya dhambi utaikuta imeandikwa tayari katika mahzor, lakini hakuna kitabu kitakachokukumbusha kwamba ulimsema vibaya dada yako mbele ya wifi zake, au kwamba fundi aliyekujengea ukuta mwezi wa Machi bado anadai nusu ya ujira wake. Maimonides, aliyepanga sheria za toba katika karne ya 12, anataka mambo haya: kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na kuiungama kwa kinywa. Hesabu isiyofika kwenye jina la mtu na tendo mahususi haiwezi kufika hata kwenye lile la kwanza.

3. Nenda ukaombe msamaha. Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji watumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mishna, katika sehemu yake iitwayo Yoma, inatamka waziwazi kwamba makosa kati ya mtu na Mungu hupatanishwa na Yom Kippur, lakini makosa kati ya mtu na mwenzake hayapatanishwi na siku hii mpaka amridhishe mwenzake. Kwa hiyo mwendee mtu huyo ana kwa ana. Kama yuko mbali, mpigie simu. Taja kosa lenyewe. Lipa kinacholipika kabla ya kuomba radhi, kwa kuwa mwenye deni anayeomba msamaha huku fedha ziko mfukoni anaongeza kosa juu ya kosa.

Akikataa, rudi. Sheria inataka ujaribu hadi mara tatu, na ufike ukiwa na watu watatu wa kukusaidia kumsihi, jambo ambalo sisi tuliokulia katika desturi ya kuwatuma wazee kusuluhisha tunalielewa bila shida. Akikataa baada ya hapo, lawama inahamia kwake. Kama aliyekosewa amekwisha kufariki, utaratibu ni kwenda na watu kumi kwenye kaburi lake na kuungama hapo, na kama kuna haki yake ya fedha, warithi wake walipwe.

Angalizo: ule ujumbe wa jumla unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, wa kuwaomba radhi wote uliowakosea kwa kujua au kwa kutojua, hautimizi hatua hii. Unamfikia kila mtu na haumfikii yeyote. Aliyeumizwa anausoma, anaona wewe umeshajiridhisha, na jeraha linabaki pale pale. Na wewe ukiombwa msamaha kwa dhati, usiwe mgumu. Sheria inamkemea anayemzungusha mwenzake.

4. Toa sadaka. Sala maarufu ya sikukuu hizi inasema kwamba toba, sala na sadaka huondoa ukali wa hukumu, na kati ya hizo tatu sadaka ndiyo ambayo mtu asiyejua Kiebrania vizuri anaweza kuitimiza sawasawa na msomi. Ipo desturi iitwayo kaparot, ya kumzungusha kuku juu ya kichwa kabla ya kumchinja na kumpa maskini, na wengi leo wanatumia fedha badala ya kuku. Mimi ninashauri fedha: hazimtesi mnyama, na maskini anajua zaidi kuliko wewe kile kinachopungua nyumbani kwake.

5. Tarehe 9 ya Tishri, kula. Msomaji aliyezoea mfungo wa Ramadhani azingatie hapa, kwa sababu hakuna daku ya alfajiri. Mfungo ni mmoja, usiokatika, wa saa 25 hivi, kuanzia kabla ya machweo mpaka nyota zitokeze jioni ya kesho yake. Kula mchana wa kuamkia Yom Kippur ni amri, na Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi juu ya Mishna, inasema anayekula na kunywa siku ya tisa huhesabiwa kana kwamba amefunga ya tisa na ya kumi. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Mlo wa mwisho uwe na wanga na usiwe na chumvi wala viungo vingi: wali mweupe, viazi, mboga za majani, kuku wa kuchemsha aliyechinjwa kwa kanuni za kosher, tikitimaji. Acha pilau, achari, karanga za chumvi na pilipili kwa siku nyingine, kwa kuwa utazilipia kwa kiu saa nane mchana. Usile mpaka ushindwe kuinuka. Tumbo lililofurika halirefushi shibe. Ukimaliza kula kabla jua halijatua, unaweza kunywa maji hadi wakati wa kuingia saumu, mradi hujainuia kwamba umekwisha kufunga.

6. Jiandae na uikaribishe siku. Oga vizuri mchana, kwa sababu hutaoga tena hadi kesho usiku. Piga mswaki. Washa mshumaa mrefu, na waliofiwa na wazazi huwasha mwingine wa kumbukumbu. Wazazi huwabariki watoto wao saa hii, mkono juu ya kichwa, na sipendi kuona familia ikiiruka sehemu hiyo kwa haraka ya kuwahi sinagogi. Mwisho, washa mishumaa ya sikukuu na kusema baraka yake, vua viatu vya ngozi, zima simu na kuiweka kabatini.

7. Fika mapema kwa Kol Nidre. Ibada huanza jua likiwa bado juu ya upeo, kwa hiyo aliyezoea kuchelewa ataikosa. Watu huvaa talit, vazi la sala lenye vishada, na huu ndio usiku pekee wa mwaka ambapo huvaliwa na mkutano wote. Safina, yaani kabati takatifu la vitabu vya Torati, inafunguliwa, vitabu vya Torati vinatolewa na kushikwa upande huu na huu wa kiongozi, naye anaimba Kol Nidre mara tatu kwa Kiaramu, mara ya kwanza kwa sauti ya chini na kupanda kila anaporudia. Maneno yake yanatangua nadhiri ambazo mtu amejifunga nazo mbele ya Mungu. Hayafuti deni, mkataba wala ahadi kwa mtu mwingine; anayedhani hivyo arudi hatua ya tatu.

Baadaye utafika kwenye ungamo. Wote wanasimama, wameinama kidogo, na kwa kila neno wanapiga kifua polepole kwa ngumi ya mkono wa kulia upande wa moyo. Dhambi zimepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania na zinatamkwa kwa wingi: tumekosa, tumesaliti, tumenyang'anya. Utakutana na dhambi ambazo hukuzitenda. Zitamke, kwa sababu unaungama pamoja na mkutano na kwa niaba yake.

8. Asubuhi, rudi na ushike sala za mchana. Ukiamka, nawa vidole tu, mpaka kwenye vifundo vyake, bila kuosha uso wala kusukutua. Sala ya asubuhi hufuatwa na usomaji wa Walawi 16, kisha maneno ya Isaya sura ya 57 na 58, ambapo nabii anawauliza wanaofunga faida ya saumu yao ikiwa wanawaonea wafanyakazi wao, na kuwaambia wavunje nira, wamgawie mwenye njaa mkate na kumvika aliye uchi. Hakuna somo lililochaguliwa kwa ukali zaidi: linasomwa tumbo likiwa tupu, kwa watu walioanza kujiona wema. Katika jumuiya nyingi hufuata kumbukumbu ya marehemu.

Kisha inakuja Musaf, sala ya ziada ya sikukuu, na ndani yake Avoda, simulizi ya huduma ya kuhani mkuu katika Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Fuata kurasa zake kwa makini hata kama Kiebrania kinakushinda. Kuhani anaoga mara tano, anavaa kitani cheupe badala ya dhahabu, anapiga kura juu ya mbuzi wawili, mmoja wa Mungu na mwingine wa kupelekwa Azazeli nyikani, na anaingia Patakatifu pa Patakatifu siku hii moja tu ya mwaka. Mkutano unaimba pamoja naye hesabu ya kunyunyiza damu: moja, moja na moja, moja na mbili, mpaka moja na saba. Simulizi inapofika mahali kuhani alipotamka Jina la Mungu, watu wanapiga magoti na kushusha uso mpaka sakafuni, na hapo ndipo kitambaa chako kinahitajika, kwa kuwa desturi ni kutoweka uso moja kwa moja juu ya sakafu ya mawe. Mwenye magoti mabovu ainamishe kichwa tu.

9. Alasiri, usiondoke. Kosa kubwa la wanaoanza ni kwenda kulala saa tisa na kurudi jua limekwisha kuzama. Alasiri husomwa kitabu kizima cha Yona, habari za nabii aliyemkimbia Mungu na za mji wa Ninawi ambao mfalme wake alishuka kwenye kiti cha enzi akaketi majivuni. Baada yake ni Neila, sala ya tano, ambayo haiko siku nyingine yoyote ya mwaka. Safina huachwa wazi muda wote na wanaoweza husimama mpaka mwisho. Sauti zimekauka, miguu imechoka, mwanga madirishani unapungua, na hata hivyo hapa ndipo mkutano unaimba kwa nguvu kuliko asubuhi. Inamalizika kwa Shema, tamko la kwamba Mungu ni mmoja, mara moja, kwa sifa ya ufalme wa Mungu mara tatu, kwa tamko kwamba Bwana ndiye Mungu mara saba, na kwa mlio mmoja mrefu wa shofari, pembe ya kondoo dume.

10. Fanya havdala, kisha ufuturu. Shofari haikupi ruhusa ya kukimbilia sambusa. Subiri sala ya jioni na havdala, ibada fupi ya kuaga siku takatifu, inayofanywa kwa kikombe cha divai au maji ya zabibu na kwa moto uliochukuliwa kwenye mwali uliowaka tangu kabla ya saumu kuingia. Kazi ya ule mshumaa mrefu ni hiyo. Kibiriti kipya hakifai hapa. Anza na maji na tende au kipande cha mkate, pumzika kidogo, kisha ule mlo wa kawaida. Usiku huo huo ni desturi kuanza kujenga suka, kibanda cha sikukuu ya Sukot inayofuata siku tano baadaye, hata ikiwa ni kupigilia msumari mmoja.

Mambo yakienda kombo

Umezidiwa. Kizunguzungu cha kawaida hutulia ukilala chini mahali penye hewa. Lakini ukitapika mfululizo, ukachanganyikiwa au kuona dalili za sukari kushuka, kunywa na ule mara moja. Kuokoa uhai kunatangulia saumu, na mgonjwa anayesema anahitaji kula husikilizwa hata kama wataalamu wanasema anaweza kuvumilia. Kwa wagonjwa wasio katika hatari ya papo hapo, marabi huelekeza kula na kunywa viwango vidogo sana kwa vipindi, mara nyingi kila dakika 9. Vipimo vyako vipate kwa rabi na daktari mapema. Mwanamke aliyejifungua ndani ya siku tatu hafungi kabisa. Watoto hawafungi: wasichana hulazimika wakifika miaka 12 na wavulana 13, na kabla ya hapo huzoeshwa kwa saa chache tu, si chini ya umri wa miaka 9.

Umekula au kunywa kwa kusahau. Acha pale pale na uendelee na saumu. Tonge moja halifuti siku nzima.

Hujui Kiebrania. Sala inakubalika kwa lugha unayoielewa. Soma ungamo kwa Kiswahili chako, polepole, badala ya kukimbizana na kurasa usizozielewa.

Hakuna watu kumi wa kuunda minyan. Sali peke yako kwa utaratibu ule ule, ukiacha Kadishi na Kedusha, sala za kumtukuza Mungu zinazohitaji watu kumi, pamoja na usomaji rasmi wa Torati, na masomo yenyewe uyasome kwenye kitabu.

Uko Israeli kwa kazi au masomo. Nunua mahitaji mapema na usipange safari: mabasi husimama, uwanja wa ndege wa Ben Gurion hufungwa, vituo vya televisheni huzimwa, na barabara kuu huachiwa watoto na baiskeli zao. Usiendeshe gari, hata kama huadhimishi.

Wewe ni mgeni usiye Myahudi. Hulazimiki kufunga. Vaa kwa heshima, usipige picha, usile mbele ya wanaofunga, na uwasalimie kwa kuwatakia muhuri mwema, yaani gmar hatima tova.

Tarehe za miaka ijayo

Mwaka 2026, saumu inaingia jioni ya Jumapili tarehe 20 Septemba na kutoka usiku wa Jumatatu tarehe 21. Mwaka 2027, ni jioni ya Jumapili tarehe 10 Oktoba mpaka usiku wa Jumatatu tarehe 11. Mwaka 2028, ni jioni ya Ijumaa tarehe 29 Septemba mpaka usiku wa Jumamosi tarehe 30. Mwaka huo Yom Kippur inakutana na Shabati, saumu haisogezwi, baraka ya mishumaa hutaja Shabati pia, na sala kadhaa hubadilika, kwa hiyo muulize kiongozi wa jumuiya yako kabla ya jioni hiyo.